Tukiililia Rwanda, Tusiisahau Likoni

Kila tarehe 7 Aprili Rwanda huanza kuwaomboleza waliouawa mwaka 1994: zaidi ya watu 800,000 kwa muda wa siku mia hivi, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Hapa Mombasa tunasikitika, tena kwa dhati. Kinachoniuma ni kwamba tunaisimulia habari hiyo kama ya watu wa mbali, wasiofanana nasi.

Usiku wa 13 Agosti 1997 wavamizi walivamia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, wakaua askari na kubeba bunduki. Kisha wakawageukia watu wa bara. Nyumba na vibanda vikateketea, wapatao mia moja wakauawa katika machafuko hayo, na maelfu kwa maelfu wakakimbia, wengine wakijisitiri katika kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi ulikuwa Desemba ya mwaka huohuo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila nchini Kenya, ikaja kuona mkono wa wanasiasa.

Likoni haikuwa mauaji ya kimbari, na kuiita hivyo ni kuwadhulumu Wanyarwanda. Lakini mwanzo wake ninautambua. Kule Rwanda, kitambulisho chenye kabila, kilichoachwa na Wabelgiji, ndicho kilichoamua kwenye vizuizi vya barabarani nani apite na nani afe. Redio RTLM ilikuwa imekwisha kuwaita Watutsi mende. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha iliwatia hatiani watu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura, kwa sababu maneno nayo yaliua.

Nasi barazani, kahawa mkononi, mtu anasema wabara warudi kwao, na tunanyamaza. Dhuluma ya ardhi Pwani ni ya kweli. Maskwota wanaozeeka bila hati wana haki ya kupiga kelele. Ila mama mchuuzi wa mboga kutoka Murang'a au Kisumu hakumnyang'anya mtu shamba. Wa kumkatiza msemaji ni sisi wenyeji, maana yeye mgeni akijibu atazidi kuandamwa. Na mtu wa bara naye amjibu mwenzake anayemwita kila kijana wa Majengo gaidi.

Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walisimamisha basi la Mandera wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Jina lake lingefaa kutajwa kwenye hotuba za Ijumaa na kwenye mahubiri ya Jumapili.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Siku tatu baadaye Likoni inatimiza miaka 30, na itakuwa Ijumaa. Naomba maimamu na mapadri wa ng'ambo ile waanze sasa kupanga dua ya pamoja, majina ya waliouawa yasomwe, na familia zilizohamishwa zialikwe.