Singe ya babu: iuzwe au iendelee kupaa samaki?

Jirani yangu hapa Kirumba kanionyesha singe ya babu yake, kile kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki, mzee alikuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma vita vya pili, chuma karibu sentimita 43, na unajua iko wapi siku hizi? Jikoni, mama yake anapaa nayo sato. Jamaa anauliza aiuze kwa wale wazungu wanaokusanya visu vya vita au aache tu.

Wengi wanaona wakusanyaji ni watu wa kupenda damu. Mi naona wengine ni wasomaji tu, ila wanasoma chuma. Chukua Fairbairn-Sykes, kile kisu chembamba cha makomando wa Uingereza, kilibuniwa na jamaa wawili waliokuwa polisi Shanghai, kampuni ya Wilkinson wakaanza kukitoa 1941, mwanzoni kinga ya mkono imepinda kama S, baadaye wakainyoosha sababu vita imebana na vinatakiwa vingi haraka. Yaani haraka yenyewe unaiona kwa macho!

Ila hapo hapo ndo wakusanyaji wanapigwa, maana visu vya muundo ule viliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya vita, mtu anakipaka uchakavu kidogo anakuuzia kama kilivuka bahari na komando. Na hela ikishaingia kila mtu anakuwa na babu aliyepigana.

Rudi kwa jirani. Kaona 1907 karibu na mpini akajua singe ina zaidi ya miaka mia, bei ikapanda kichwani. Hapana bwana, 1907 ni jina la muundo, mwezi na mwaka wa kutengenezwa ni vile vitarakimu vidogo chini yake, na hivyo vimeliwa na mnoa visu wa baiskeli. Mkusanyaji anayejua kazi ataona pale pamenolewa tu anashusha bei.

Kwa hiyo kwa pesa hamna kitu cha maana, na ikienda London itaandikwa "Afrika, vita vya pili" basi, jina la mzee limekufa. Nyumbani nako inaisha kidogo kidogo kila ikinolewa, tusijidanganye eti jikoni ndo kuhifadhi. Nikamwambia arekodi shangazi yake kwenye simu anachokumbuka, singe apake mafuta, aifunge kitambaa, akae nayo.

Mama yake alikuwa anasikiliza. "Haya, na sato nipae na kidole?"