Lipa kwanza, ndipo uniite mvivu

Treni ikichelewa kufika Lubumbashi, madaktari wakigoma, karatasi ya kiwanja ikikaa ofisini mwezi mzima, hakosekani ndugu mmoja wa huku Ulaya wa kuandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mkongomani hapendi kazi." Mwenye kuandika ni mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Anaamka saa tisa usiku kwenda kusafisha mabasi Brussels, na bosi wake anamsifu. Huo upendo wa kazi aliupata wapi, kwenye ndege au kwenye foleni ya pasipoti?

Mimi niko Genk, mashariki ya Ubelgiji, nafanya kazi ghalani. Watu wa hapa hawakufinyangwa kwa udongo mwingine. Wanalipwa siku yake, basi. Nasisitiza siku kwa sababu nyumbani, ukitaja Ulaya, watu wanaona kiasi tu. Kiasi chenyewe, ukishatoa kodi ya nyumba, gesi, bima na gari, wala si cha kumringia mtu. Lakini tarehe naijua. Nikiugua na nina cheti cha daktari, kuna kinachoingia. Bei za vitu zikipanda, mishahara nayo inapandishwa kufuata kipimo cha bei, na mwanasiasa akitaka kuugusa utaratibu huo, vyama vya wafanyakazi vinajaa barabarani. Mtu anayejua tarehe anapanga. Anayepanga anakopesheka, analipa ada ya mtoto, analala usingizi. Akija kazini, kichwa chake chote kimekuja naye.

Kabla ya kuondoka nilishika kazi katika ofisi moja ya serikali pale Lubumbashi, ambayo sitaitaja. Mkubwa wetu alikuwa na muhuri, ameufunga ndani ya kitambaa, na jioni alirudi nao nyumbani. Akienda kilioni Likasi, ofisi nzima inakaa kumngojea. Vijana tulimcheka. Lakini mshahara wake ulikuja ukitaka, na ukija umeshakatwa njiani, na alikuwa na watoto sita shuleni. Muhuri ule ndio ulikuwa shamba lake. Mwananchi akiuliza mbona karatasi haitoki, jibu lilikuwa lilelile, kwa upole: "Patron, na shiye tuko na batoto."

Na alikuwa mchapakazi kweli. Siku ambayo faili la mfanyabiashara mkubwa limeingia, saa moja asubuhi yuko mezani, anaandika mwenyewe, anapanda teksi mwenyewe kulipeleka kusainiwa. Hapo ndipo wasemaji wetu wanapokosea. Ucheleweshaji ule uliuzwa, na ulikuwa na bei. Karatasi ikienda haraka kwa kila mtu, nani atatoa kitu? Ofisi ilikuwa inafanya kwa ufanisi kabisa kile ilicholipwa kufanya, ila aliyeilipa alikuwa mwenye faili na wala si serikali. Tangu mwaka 2011, serikali ilipoanza kupitisha mishahara benki, mikono ya njiani imepungua, na ninaoongea nao wanasema ni afadhali. Afadhali tu.

Tusijifanye pia kwamba Lubumbashi haikuwahi kuona kampuni inayokwenda. Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, na miaka yake ya mwanzo wafanyakazi walikufa wengi na wengine walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mbinu: mikataba mirefu, mwanaume aje na mke wake, nyumba, posho ya chakula, zahanati, shule. Wazee wakasema kampuni njo baba, njo mama. Mapenzi hayakuwemo. Kumtafuta mtu mpya mbali kila mara kulikuwa ghali kuliko kumtunza uliyenaye, na watoto wa kambini wakawa mafundi wa kesho. Baba huyo alikuwa na bunduki pia: Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi walipogoma kudai nyongeza, askari wakawafyatulia risasi hapo hapo Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakafa watu makumi.

Serikali ikaitaifisha mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa tani kama 476,000 za shaba. Miaka saba baadaye haikufikisha hata 50,000. Je, uvivu uliwaingia mafundi wale kwa pamoja, kama mafua? Fedha zilikuwa zinakwenda Kinshasa bila kurudi kununua mashine. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mwaka uliofuata ukaja uporaji, kisha Wakasai wakafukuzwa Katanga, na pamoja nao wahandisi na mafundi ambao nafasi zao hazikuzibwa. Malimbikizo ya mishahara yakawa ya miezi na miezi. Kufikia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakachukua kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Hiari ya mtu mwenye njaa, haya.

Sasa angalia watoto wao walikwenda wapi. Wengi wakawa creuseurs, wachimbaji wa mikono. Kijana yuleyule ambaye ofisini ungemkuta amelala juu ya meza anashuka shimoni makumi ya mita, bila kofia, kwa kamba na tochi tu, anapanda na gunia mgongoni. Mzani wa depo anakouza mawe yake unamwibia na anajua unamwibia. Lakini analipwa jioni hiyo hiyo. Sisemi ni kazi nzuri, watu wanafukiwa humo kila msimu wa mvua. Nasema tu anayemwita mvivu hajawahi kusimama mdomoni mwa shimo lile.

Ukitaka mfano mzuri zaidi, nenda Kamalondo, mtaa mwingine wa Lubumbashi. Timu yetu ya mpira, Mazembe, ilichukua Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikacheza fainali ya klabu za dunia na Inter Milan. Ilipanda kwa malipo yaliyowafanya wachezaji wa Zambia, na baadaye wa Tanzania, wakubali kuja kuishi kwetu. Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, alikaa karibu miaka mitano, na alipoondoka Januari 2016 akaja Genk hii hii. Mpaka leo nikisema natoka Lubumbashi, kuna wazee wa baa wananichangamkia kwa ajili yake.

Genk yenyewe imenifundisha jambo ambalo mabwana wa "Mzungu anapenda kazi" hawalijui. Huu ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Baada ya vita ya pili, Wabelgiji wenyewe hawakutaka tena kushuka chini: malipo madogo, vumbi kwenye mapafu. Serikali yao ikafunga mkataba na Italia mwaka 1946 iletewe vijana, nayo Italia ipate makaa. Mwaka 1956 moto wa mgodi wa Marcinelle, karibu na Charleroi, ukaua watu 262, zaidi ya nusu Waitaliano. Italia ikasimamisha kuleta watu, Ubelgiji ikageukia Wagiriki, Wahispania, kisha Waturuki na Wamoroko. Na mwaka 1966, walipofunga mgodi wa Zwartberg, hapa hapa Genk, wachimbaji wakaandamana na wawili wakauawa. Katika mambo haya, kwetu na kwao si mbali sana.

Ghalani kwetu pia hakuna pepo. Kila mmoja ana skana mkononi, inayohesabu umechukua bidhaa ngapi kwa saa, na karibu na kantini kuna televisheni yenye majina yetu, kijani na nyekundu. Basi kila mtu amejifunza. Maboksi ya vipodozi yanaondoka kwenye rafu kama yana miguu. Magunia ya chakula cha mbwa, kilo 15 kila moja, yanabaki kwa zamu ya usiku. Wakubwa wakafanya mkutano kujiuliza kwa nini usiku unafanya vibaya. Anayejua yuko hapo hapo mkutanoni, amenyamaza, maana jina lake ni la kijani. Wenye mikataba ya wiki moja moja ndio wanaokimbia zaidi, na ndio wanaovunja vitu zaidi. Na mgeni akiingia hakuna wa kumfundisha, kwa sababu skana haihesabu kufundisha. Yule mkubwa wetu wa muhuri, pamoja na yote, alinikalisha mchana mzima kunionyesha namna ya kuandika barua ya serikali, na hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Kwa hiyo sikubaliani pia na wale wanaotaka kutupelekea skana na kamera wakidhani ndio dawa. Mwalimu wa shule ya msingi usimwekee kamera. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliomlipa kwa ile prime, mchango wao wa kumwongezea mshahara, na mwaka 2019 elimu ya msingi ikawa bure, jambo ambalo naliunga mkono mikono miwili. Lakini darasa la mama mdogo wangu lilijaa mpaka watoto wakakaa chini, prime ikakatika, na mshahara wa serikali haukuziba pengo. Sasa anauza maandazi mapumzikoni na kufundisha kwa kulipwa jioni. Anachofundisha jioni ni kizuri kuliko cha asubuhi, na yeye mwenyewe anakiri bila aibu.

Shemeji yangu alifungua gereji Kampemba. Nilimpelekea mtaji kidogo kwa sharti moja: mafundi walipwe kila Jumamosi saa sita mchana, hata kama ni kidogo. Mwanzoni majirani walimwambia anawazoesha vibaya. Spana zimeacha kupotea, na mafundi wameacha kumalizia magari ya wateja nyuma ya ukuta kwa bei yao. Shida imehamia kwake, kwa maana wateja wenyewe hawana tarehe, hasa wale wenye magari makubwa. Jumamosi ambayo kasha liko tupu anakopa kwa mke wake, na dada yangu, anayeshika daftari, anamtoza riba.