Vidonge kabla ya jibu la kromosomu?

Fizi zinachuruzika damu, miguuni kuna madoa mekundu yasiyofifia ukiyabonyeza. Kwenye hadubini seli changa zimejaa vijiti vyembamba, vingine vimelundikana kama mzigo wa kuni. Mzoefu atashuku palepale lukemia kali ya promielositi, aina adimu ya saratani ya damu. Uthibitisho uko kwenye kromosomu: kipande cha namba 15 na cha namba 17 vimekatika na kubadilishana nafasi, seli nyeupe zikagoma kukomaa. Janet Rowley wa Chicago aliubainisha mbadilishano huo mwaka 1977.

Sasa, ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A inayozilazimisha seli hizo zikomae, ianze kabla jibu halijarudi?

Wanaotaka kusubiri hawabahatishi. Dawa hii hudhuru mtoto tumboni, na seli zikikomaa kwa mkupuo mgonjwa anaweza kupata homa, kuvimba na kubanwa pumzi. Halafu kuna wachache ambao namba 17 yao imebadilishana na namba 11. Hao ATRA peke yake haiwafai kitu.

Lakini kinachoua upesi hapa ni damu kuvujia ubongoni au mapafuni, mara nyingi siku za mwanzo kabisa. Kukuza seli ili kromosomu zisomwe ni kazi ya siku kadhaa, na maabara ikiwa mbali ongeza za safari. Daktari akiwa amekosea, vidonge vya siku mbili tatu vinaachwa. Miongozo ya kimataifa inasema anza ukishashuku, nami nakubaliana nayo.

Aseniki, dawa nyingine ya ugonjwa huu (ndiyo, sumu ileile), ni habari tofauti. Huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo hiyo isubiri jibu. Na jibu lina thamani kubwa: utafiti wa Italia na Ujerumani uliotoka mwaka 2013 ulihusu wagonjwa wasio wa hatari kubwa. Waliopewa ATRA na aseniki bila kemo ya kawaida (dawa za kuua seli za saratani), asilimia 97 walivuka miaka miwili hai na ugonjwa haujarudi. Wa ATRA na kemo walikuwa 86.

Hofu yangu ni sampuli kusahaulika mgonjwa akishaanza kupata nafuu. Uboho utolewe siku hiyohiyo ya kidonge cha kwanza, na palipo na kipimo cha haraka cha jeni, jibu linaweza kupatikana ndani ya siku moja au mbili.