Kazi ya Mchana Mmoja

Nani alisema mkoba wa kujishonea ni kazi ya mchana mmoja? Aje hapa. Aje na godoro lake, maana tutakaa.

Kwanza tuelewane: mimi si fundi. Mimi ni mtu mwenye cherehani, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nina kitambaa changu, pamba tupu, bluu ya jioni, kimechapwa korongo weupe, kila mmoja ameinua mguu kama aliyekanyaga maji ya baridi. Nimekitunza miaka sita. Nakitoa kwenye droo, nakinyoosha, nakitazama, nakikunja, nakirudisha. Kila nilipotaka kukishonea kitu niliona kitu chenyewe hakijafikia hadhi ya korongo wangu. Foronya? Idondokewe na mate? Pazia? Lipigwe jua lipauke? Mpaka mke wangu akauliza kama nangoja kizae.

Basi nikasema mkoba. Tena si mkoba hivi hivi, mkoba wa mshono wa mfarishi: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chepesi chini, halafu vyote vitatu vinapigwa mistari ya mshazari inayokatana.

Nikakifua kitambaa, maana pamba hurudi, na kama haikurudi kabla ya kushonwa itarudi baadaye na mkoba mzima juu yake. Hapo nilifanya vizuri. Naomba mkumbuke, kwa sababu sidhani kama kuna pengine.

Mkasi. Nina mkasi wa vitambaa, nimeuandika kwa wino mwekundu KITAMBAA TU. Nikaukuta una gundi. Kuna mtu humu ndani amekatia maboksi. Mkasi ulioonja boksi haukati tena kitambaa, unakitafuna tu. Nikauliza ni nani. Wote malaika.

Nikatafuna hivyo hivyo, kipande kimoja kirefu, upana sentimita 40 kamili. Kimoja kwa makusudi: nikikunje chini, kitako cha mkoba kisiwe na mshono. Nilijiona mhandisi. Nikapanga matabaka matatu, nikayabana kwa pini za kufunga kila baada ya sentimita 10, nikaanza kushona kutoka katikati kwenda nje ili mikunjo ikimbilie pembeni.

Haikukimbia. Meno ya cherehani yanasukuma kitambaa cha chini. Cha juu kinaburuzwa, kinachelewa, kinajikusanya mbele ya mguu kama mtoto asiyetaka kwenda kuoga. Upo mguu maalumu wa cherehani unaosukuma na cha juu. Ninao! Uko kwenye boksi lake, ndani ya boksi jingine, mahali salama. Mahali penyewe ni salama mno, hata mimi sipajui. Mstari wa tano sindano ikagonga pini, TAK, nusu ya sindano ikaruka. Mpaka leo hatujaipata. Humu ndani tunatembea na viatu.

Nikamaliza mistari, nikapima: 38 na kitu. Korongo wamesinyaa! Kumbe kila mstari unakula kidogo, na mimi nilipiga mistari kama nalipwa kwa mstari. Wajuao hukata kikubwa, wakashona mistari, ndipo wakapunguza kwa kipimo. Hilo nililijua baadaye. Mambo yote ya maana mimi huyajua baadaye.

Sasa niwatajie chombo pekee kilichofanya kazi kwa uaminifu: kile kijiti chenye ncha kali na kishanga chekundu, cha kukatia nyuzi za mshono uliokosewa. Mimi nakiita kifumulio. Kwa hesabu yangu, kwa kila saa moja ya sindano, kifumulio kilifanya saa mbili.

Nikatia zipu, nikaunga ubavu huu, nikaunga ule, na bitana ya ndani, ambayo ni kipande cha peke yake, nayo nikaiunga, nikaiachia tundu la sentimita 15 la kugeuzia. Nikaanza kugeuza. Haugeuki. Zipu nilikuwa nimeifunga! Mdomo umefungwa na kishikio kiko upande wa pili, yaani nimejifungia nje ya mkoba wangu mwenyewe. Nusu saa nzima nakisukuma kile kichwa cha zipu kwa kucha, kutokea nyuma, jino kwa jino. Ilipofunguka nikaanza kuyapitisha mapamba yale yote kwenye tundu la bitana. Ndama angepita kwenye tundu la kufuli kwa urahisi zaidi. Pembe zikagoma kutokeza, nikazichokoa kwa kitako cha kifumulio, moja, mbili, zikatokeza. Nikaziba tundu kwa mkono, mshono mdogo mdogo, mzuri kuliko yote niliyowahi kushona.

Nikaunyanyua. Mbele: korongo wangu, bluu ya jioni, miguu juu ya maji. Karibu nilie. Binti yangu akauzunguka, akatazama nyuma.

"Baba, hawa wa huku wamekufa?"

Wamesimama kwa vichwa. Wote. Kipande kimoja, umekikunja chini, upande wa pili unapanda ukiwa umepinduka. Hata mtoto anaona. Maua yaliyotapakaa hayana juu wala chini, ungeyakunja upendavyo. Kiumbe mwenye miguu unamkatia vipande viwili, unaviunga kitakoni, na mshono wa kitako unauvumilia. Mimi na uhandisi wangu.

Nikasema sawa, wafu watakaa upande wa mbavuni, nani atawaona. Nikautia begani. Mkanda mmoja umejisokota, nimeushonea kinyume. Hilo dogo, nafumua tu. Kifumulio kiko wapi?

Tumetafuta juu ya meza, chini ya cherehani, kwenye mifuko ya suruali. Malaika wamehojiwa tena. Siku mbili. Leo asubuhi nimeuvaa mkoba hivyo hivyo na mkanda wake uliosokotwa, na kila nikipiga hatua kuna kitu kinanigonga mbavuni. Nikaupapasa. Kati ya bitana na yale matabaka matatu, kwenye pembe ya kushoto, kuna kitu kigumu, chembamba, na mwishoni kina kishanga.

Mke wangu hata hakuinua macho. "Si ufumue bitana ukitoe."

Nikamuuliza, nifumue kwa kutumia nini?