Umilisi Chuo Kikuu: Uchunguzi Utangulie

Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi (CBC) nchini Kenya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wanatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029. Ndiyo maana sisi wahadhiri hapa Mombasa hatuwezi tena kuliahirisha swali hili: je, chuo kikuu nacho kifundishe kwa kulenga umilisi, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda kwa ujuzi alionao, au kiendelee na mihadhara na mtihani wa mwisho wa muhula?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Katika vyuo vingi nchini mtihani wa mwisho hubeba asilimia 70 ya alama, na mara nyingi hupima kumbukumbu. Niliwahi kuwa karakanani na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekokotoa hesabu za kanuni ya Ohm, inayohusisha volteji, mkondo wa umeme na ukinzani, bila kosa hata moja. Nilipomtaka apime mkondo katika saketi yenye balbu moja, aliigusisha mita kwenye ncha mbili za balbu, kama mtu anayepima volteji, na papo hapo fyuzi ya mita ikaungua. Nilimuuliza sababu. "Mwalimu, si umeme unapita kwenye balbu? Nimepima pale pale unapopita."

Jibu lile lilinieleza mengi kuliko alama zake zote. Hakuwa mvivu, hakujua tu kwamba mita ya mkondo sharti iingizwe ndani ya njia yenyewe ili umeme wote uipitie. Tuliifungua saketi mahali pamoja, nikamwacha azibe pengo kwa mita, akaelewa. Huo ndio uchunguzi wa ujifunzaji: mwalimu kutafuta chanzo cha kosa kabla ya kuamua afundishe nini.

Wanaopinga nao wasipuuzwe. Umilisi ukigeuzwa orodha ya vitendo vya kutiwa alama ya vema, mwanafunzi yule yule angekariri mahali pa kuingiza mita, akafaulu, asijue kwa nini. Falsafa na historia, ambazo matunda yake huchelewa kuonekana, zitapimwaje? Na mhadhiri mwenye wanafunzi 200 ukumbini atamsikiliza nani, amwache nani? Hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi.

Hata hivyo naegemea upande wa umilisi, kwa sharti kwamba uchunguzi utangulie. Maswali mawili matatu mwanzoni mwa mada, yasiyo na alama, yanayomtaka mwanafunzi aandike sababu ya jibu lake, yanawezekana hata katika darasa kubwa, kwa kuwa makosa ya watu wengi aghalabu huangukia mafungu machache. Mhadhiri akiyajua mafungu hayo, saa chache za karakana alizo nazo atazianza na wale ambao majibu yao yanaonyesha kwamba wanahitaji kuishika mita kabla ya kusikia mhadhara mwingine.