Ndoa Moja, Akaunti Mbili

Tulipooana, mume wangu alikuwa na simu janja, mimi nilikuwa na ya batani. Nilipopata ya kwangu alinifungulia kila kitu kwa barua pepe yake. "Si tumeshakuwa mtu mmoja, Mama Neema?" alisema, nami nilifurahi kwa moyo wote. Tukaishi hivyo miaka saba pale Tabata, Dar es Salaam. Namba za wateja wake wa vipuri wa mtaa wa Gerezani zikajaa kwenye simu yangu, na mashoga zangu wa kikoba wakajaa kwenye yake.

Kisha jioni moja simu yake ikaporwa dirishani mwa daladala, kwenye foleni ya Buguruni. Alifika nyumbani anahema, akaomba kompyuta ya mdogo wangu, akaingia kwenye ile akaunti ili aifute simu akiwa mbali nayo kabla mwizi hajafanya lolote. Kwenye orodha zilitokea simu mbili za aina moja, maana hizi za baadaye tulizinunua siku moja, duka moja. Akabonyeza. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Simu yangu iliyokuwa juu ya friji ikazima, ikawaka, ikaniuliza nataka kutumia lugha gani.

Picha za Neema tangu siku ya kuzaliwa zilikuwa humo. Google inatoa GB 15 za bure kwa akaunti, na sisi tulizijaza zamani kwa sababu tulikuwa wawili tunamimina ndani ya ndoo moja. Onyo lilikuwa linakuja kila siku. Kila mmoja alidhani mwenzake atalishughulikia. Kwa hiyo nakala hazikuwepo.

Sikumlaumu Baba Neema, na sasa hivi simlaumu. Alikuwa anatulinda. Nilichokuja kukiamini tangu siku ile ni kwamba mume na mke kila mmoja awe na akaunti zake, kwa laini yake mwenyewe, na vile vya nyumba viwekwe mahali ambapo wote wawili wanafika.

Suala la laini kwetu Tanzania ni zito kuliko watu wanavyodhani. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na tangu hapo laini ni ya mwenye kidole. Ikipotea, ni yeye anayeenda kuirudisha. Sasa kama barua pepe yako, ukurasa wako wa biashara na kila kitu vinatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya mwenzako, basi siku akiwa safarini mahali pasipo na mtandao, au mmekosana, wewe uko nje ya nyumba yako mwenyewe. Wanawake wengi wanaouza vitenge na mikoba Instagram wako katika hali hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sijui dada gani anapenda kuanza kuthibitisha vinginevyo wakati wateja wanasubiri mzigo.

Najua litakalosemwa: kama huna unachoficha, nipe simu. Nimelisikia kwenye vikao vya harusi, tena likisemwa na wakubwa ninaowaheshimu. Lakini meseji zilizo kwenye simu yangu si zangu peke yangu. Shoga yangu aliponiandikia saa saba usiku kwamba mimba imeharibika tena, aliniandikia mimi. Hakuolewa na mume wangu. Wifi yangu naye ana mambo anayomwambia kaka yake ambayo hayanihusu, na siyataki. Ndoa yangu haina mamlaka ya kugawa siri za watu wengine.

Cha nyumba ni jambo jingine kabisa, na hapo sina huruma na anayeficha. Umeme ukikata usiku na namba ya mita imehifadhiwa kwenye simu ya mtu mmoja tu, aliyelala hospitali, watoto watakaa gizani kwa kosa la kijinga. Sisi tuna daftari la kava gumu ndani ya sanduku la vyeti vya kuzaliwa: namba ya LUKU, ya maji ya DAWASA, ya kadi ya king'amuzi, ya mwanafunzi kwa ajili ya ada. Namba za siri za pesa za simu hazimo, kila mtu ana zake.

Na kuna siku nyingine, ambayo hatupendi kuitaja mezani. Google wana mpangilio unaokuwezesha kuchagua mtu wa kupewa vitu vyako ukikaa kimya kwa miezi unayoipanga mwenyewe, kuanzia mitatu. Bila hivyo, akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zote. Tuliuweka usiku mmoja baada ya chakula. Baba Neema aliandika jina langu, nikaandika lake, tukanyamaza kidogo.

Picha 41 za utotoni tulizipata kwa bibi yake Neema, Korogwe, ambaye hafuti chochote WhatsApp. Ziko kwenye albamu moja tunayoichangia wote wawili, kila mtu kwa barua pepe yake. Juzi bibi amepata nyingine mbili: Neema amekaa ndani ya beseni, meno bado hana.