Pistoni za Kufoji

Gari nililinunua Dar es Salaam mwezi wa Juni. Toyota Chaser ya mwaka 1998, injini ya 1JZ yenye turbo, silinda sita zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Muuzaji aliliwasha mbele yangu saa nane mchana, jua linachoma, injini ikanguruma kwa adabu. Nikalipa, nikakamata barabara ya kurudi Njombe ninakofanya kazi.

Kwa asiyeijua Njombe: mji uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi mtu anaongea huku akitoa moshi mdomoni.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, nikapiga stata. Ngo-ngo-ngo-ngo-ngo! Kama mtu anatwanga mahindi ndani ya debe. Nikazima, nikashuka, nikachungulia chini ya gari nisije nikakuta mtu. Nikawasha tena. Ngo-ngo-ngo. Dirisha la mama mwenye nyumba likafunguka, blanketi limempanda mpaka puani.

"Mwanangu, unatwanga nini saa hizi?"

"Ni gari, mama."

"Gari linatwanga?"

Mwenye gari wa Tanzania unaweza kumtukana akacheka, lakini usimwambie injini yake imenoki, yaani beringi za ndani zimelika na zinagonga. Neno hilo ndilo lililonijia. Nikaliendesha mpaka gereji, kilometa mbili, taratibu kama nimepakia mayai. Fundi akafungua boneti, akatega sikio. Injini inakoroma kama paka aliyeshiba.

"Ugonjwa uko wapi, bosi?"

"Ulikuwepo nyumbani."

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu hakunyanyuka hata kwenye kigoda chake. Alimwambia tu kijana wake, "Mwambie yule wa gari la kutwanga, limepona."

Usiku ule nikapata wazo, nikajisifu nalo mpaka usingizi ukakata. Kama kelele inakuja na baridi, basi gari lifike gereji na baridi yake. Yaani bila kuwashwa. Yaani lisukumwe.

Nikawakodi vijana wanne wa bodaboda kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Nisichokijua ni kwamba gari likiwa limezimwa, usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, na breki inakubali mara mbili tatu tu, halafu pedali inakuwa kama umekanyaga tofali. Hilo nililijifunza kwenye mteremko. Wale vijana nyuma hawakuwa wanasukuma tena, walikuwa wanakimbiza. Hendibreki ndiyo iliyotuokoa. Baada ya hapo tukaenda polepole, kimya, vichwa chini, na mzee mmoja aliyekuwa anapita akavua kofia. "Kamwene," akatusalimu, "poleni sana." Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba hakuna maiti.

Tulifika kabla ya kufunguliwa. Nikamwachia mlinzi ufunguo, nikaenda kwa mama ntilie kunywa chai na chapati mbili za ushindi. Saa mbili na dakika kumi nikarudi nimeongozana na fundi.

Injini inanguruma. Laini. Kijana wa fundi anafuta kioo, anatabasamu.

"Shikamoo, bosi. Niliona gari limeganda na baridi, nikaliwasha lipate moto. Kama dakika ishirini hivi."

Nilikaa chini. Palepale, kwenye udongo wenye oili.

Fundi akanihurumia. Gari likalala gereji, na alfajiri akaja mwenyewe. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, akafumba macho. Ngo-ngo-ngo. Alipoyafumbua alikuwa na sura ya daktari anayeuliza ndugu wa mgonjwa wako wapi.

"Imenoki."

Kushusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa gari lile si sawa na kuvua kiatu. Injini ilining'inizwa kwa winchi, krosimemba, chuma kinachopita chini yake, ikashushwa, siku mbili zikaisha, na shilingi 350,000 zangu nazo. Beringi za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zikatolewa moja moja. Fundi akafuta ya kwanza kwa kitambaa, akanipa. Ilikuwa inang'aa mpaka niliiona pua yangu. Ya pili pua. Ya sita pua.

Ndipo nilipompigia muuzaji, simu nimeiweka spika.

"Ah, ile injini! Kwani sikukwambia? Pistoni zote sita ni foji, kaka."

Nikaishiwa maneno. Mwaka 2017 nchi hii iliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 kwa vyeti vya kughushi, na mimi hapa mtu anakiri kwa kinywa chake kwamba ameniuzia pistoni za kufoji! Nikamwambia tukutane polisi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Foji ya Kizungu, kaka! Zimefuliwa, kama jembe la mhunzi!"

Akanieleza. Pistoni ya kawaida ni aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ina silikoni nyingi, na silikoni inaizuia isitanuke sana. Za kwake alizifunga ili zihimili turbo: aluminiamu iliyogandamizwa kwa nguvu, ya aina inayoitwa 2618, karibu haina silikoni. Ngumu kuvunjika, ila ikipata moto inavimba kweli. Kwa hiyo anayeifunga lazima aiachie nafasi zaidi kwenye silinda, hata kufikia unene wa karatasi ya fotokopi. Ikiwa na baridi inayumba humo ndani, inapiga ukuta huku na huku. Ikishavimba inajaa, inatulia.

"Injini ikinoki beringi, moto unaizidishia kelele, maana oili inakuwa nyepesi. Ya kwako ikipata moto inafanyaje?"

"Inanyamaza."

"Sasa?"

Nikamtazama fundi. Fundi akaitazama spana yake kama ndiyo kwanza anakutana nayo. Yule muuzaji alipaswa kunieleza tangu mwanzo, hilo sitamsamehe, ila akatupa na dawa bure: liwashe, liache dakika chache, ondoka polepole, usilipige resi mpaka lipate moto.

Siku hizi mama mwenye nyumba akisikia kutwanga anainjika chai. Kelele ikikata, anajua nimeondoka.

Juzi nimekuta dimbwi jeusi chini ya gari, usawa wa sampo, palepale fundi alipofungua na kufunga. Nikampigia.

"Hiyo ya kuvuja ni kawaida, bosi," akasema. "Likipata moto litaacha."